Kabureta safi, tangi chafu: kisa cha pikipiki iliyolala Pemba

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya mafundi vijana, na kwa kila mwenye pikipiki aliyewahi kuvuka bahari akaiacha nyuma. Jina la mwenyewe, kijiji chake, namba ya usajili na aina ya pikipiki vimeachwa makusudi.

Usuli

Mwenye pikipiki ni mwalimu wa skuli moja kaskazini mwa kisiwa. Gereji tulimwita Maalim, na humu atabaki na jina hilo. Pikipiki yake ni ya silinda moja, cc 125, mipigo minne, yenye kabureta ya slaidi (kipande kinachopanda na kushuka kuipa injini hewa) na koki ya mafuta ya mkono: fungua, funga, rizevu. Spea zake nyingi hupatikana Chake Chake bila kungojea boti ya kutoka Unguja.

Maalim alikwenda Unguja masomoni. Aliondoka kabla ya masika, akaiegesha pikipiki kwenye banda la makuti ubavuni mwa nyumba na kuifunika turubai. Tangi lilikuwa na mafuta chini ya nusu. Koki aliiacha wazi, kwani hakuna aliyewahi kumwambia kuwa hufungwa. Vijana wa nyumbani waliagizwa waiwashe kila wiki. Waliiwasha mpaka betri ikafa, wakaipiga kiki kwa muda, kisha kila mmoja akaona tabu.

Aliporudi mwaka uliofuata, msimu wa karafuu ulikuwa mlangoni. Shamba la familia liko mbali na barabara ya lami, wachumaji ameshapatana nao, na karafuu haina subira: tumba likishachanua, thamani yake imekwenda. Haraka hiyo ndiyo iliyoamua mengi ya yaliyofuata.

Kilichokuwa kikitokea bandani

Wengi hudhani kabureta huziba kwa vumbi. Kwa pikipiki iliyolala, vumbi ni mtuhumiwa wa mwisho. Petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi. Vilivyo vyepesi huruka kwanza kama mvuke, vizito hubaki, vikakutana na hewa na kugeuka gundi ya kahawia inayoganda juu ya shaba. Hilo huipata kila pikipiki iliyosimama muda mrefu. Hapa koki iliyoachwa wazi ilizidisha. Mafuta ya bakuli la kabureta yalipopungua kwa mvuke, boya linaloelea humo lilishuka, sindano yake ikafungua njia, yakateremka mengine kutoka tangini. Hayo nayo yakaruka na kuacha mabaki yake, yakaja mengine. Aliyewahi kuona chumvi ikipikwa kwa maji ya bahari ataelewa: kinachobaki chini hakikutoka kwenye maji ya mara moja, kimetoka kwenye yote yaliyomiminwa humo.

Tangini nako kulikuwa na kazi yake. Nusu ya juu ilijaa hewa, na hewa ya Pemba wakati wa masika ni nusu maji. Usiku ikipoa, unyevu hutoa matone kwenye bati. Matone hushuka, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli, hutulia chini kabisa, palepale koki inapochotea. Bati la juu likashika kutu, la chini likakalia maji.

Mkono wa kwanza

Fundi wa jirani alibadilisha plagi, akatia petroli mpya juu ya ile ya zamani, akafungua kabureta na kuiosha kwa petroli hiyohiyo. Jeti kubwa (jeti ni kipande cha shaba chenye kitundu kinachopima mafuta) ilitoka, akaipuliza kwa mdomo. Jeti ndogo, ile ya sailensi (injini ikinguruma bila resi), ilikataa. Bisibisi yake ilikuwa nyembamba kuliko mfereji wa jeti, ikateleza na kuula mfereji wenyewe. Akaamua kuichokoa mahali ilipo kwa uzi mmoja wa waya wa breki, akafunga.

Pikipiki iliwaka kwa choki. Choki ikirudishwa, inazima. Fundi akakaza skrubu ya sailensi mpaka injini ikashika yenyewe, ikinguruma juu juu. Maalim akalipa na kuondoka.

Ilimbeba siku chache. Kisha ikaanza kumzimia vilimani, na Pemba ukitoka nyumbani umekutana na kilima. Akiegesha dakika kadhaa, inawaka tena, inakwenda mpaka kilima cha pili. Mafuta yakawa yanakwisha upesi. Alifika kwetu akiisukuma.

Tulichoangalia kabla ya kufungua

Kijana wetu wa gereji alishashika bisibisi. Tukamwambia angoje. Pikipiki ilikuwa na magonjwa mawili yanayoonekana kama moja, na kabureta ikishamwagwa mezani huwezi tena kuyatenganisha.

Kukosa sailensi mpaka choki ivutwe ni dalili ya njia ndogo ya mafuta: jeti ndogo na vitundu vyake. Choki huongeza mafuta dhidi ya hewa, kwa hiyo inafunika upungufu wa njia hiyo. Lakini jeti ndogo haiwezi kuizimisha injini iliyo katika resi kubwa mlimani. Pale kazi ni ya jeti kubwa, na jeti kubwa ikiziba huziba, haiponi kwa kupumzishwa kivulini. Injini inayozima mlimani, ikaegeshwa, ikawaka, inasema jambo jingine: bakuli linakauka upesi kuliko linavyojazwa.

Tukaweka chupa tupu ya maji ya kunywa chini ya bakuli, tukalegeza skrubu ya kumwagia, koki ikiwa wazi. Mafuta yalitoka vizuri kwa muda mfupi, yakawa uzi, yakawa matone. Tukafungua mfuniko wa tangi. Kama tundu la hewa la mfuniko lingekuwa limezibwa, labda na dondora aliyejenga humo, mafuta yangeanza kukimbia tena. Hayakukimbia. Kizuizi kilikuwa kati ya tangi na bomba.

Ile chupa ilistahili kutazamwa. Juu palikuwa na petroli nyekundu ya kahawia, yenye harufu ya vanishi iliyochacha. Chini palikuwa na tone kubwa la maji, la duara, likitembea kila chupa ilipoinamishwa na kukataa kuchanganyika. Ndani ya tone mlikuwa na chembe za kutu, na ukiitikisa chupa zilipanda, kisha zikarudi humohumo kwenye maji.

Uamuzi wa kuanza na tangi

Maalim hakupenda. “Fundi, mimi nimekuletea kabureta. Mbona wanifungulia tangi?”

“Maalim, nikikusafishia kabureta leo, keshokutwa utanirudia na uchafu uleule, na fedha yako nitakuwa nimekula.”

Akaishika ile chupa, akaitazama juani, akakaa kwenye benchi. Wateja wengi hubishana na maneno ya fundi. Wachache hubishana na chupa. Tangu hapo kila pikipiki iliyolala tunaimwagia chupani kwanza, mwenyewe akiwepo.

Koki ilipotolewa, kichujio chake cha wavu kilikuwa kimechanika upande mmoja, na tundu la rizevu lilijaa tope la kahawia. Kwa tangi palikuwa na njia tatu. Kununua jingine: ghali, na lililotumika lingeweza kuwa na kutu ileile. Kulipaka rangi ya ndani: tulikataa, kwa sababu rangi isiyoshika vizuri hubanduka vipande, na vipande hivyo huteremka kwenye koki. Ya tatu ilikuwa siki.

Tulimulika ndani kwa tochi kwanza. Bati lililoliwa sana lisiguswe na siki, itamaliza kilichobaki na tangi litavuja. Hili lilikuwa na kutu ya juu juu. Tukaziba tundu la koki kwa raba, tukatia nati za zamani kiasi cha viganja viwili, siki mpaka juu, likalala usiku mzima. Asubuhi likatikiswa kila upande, likamwagwa, likasuuzwa kwa maji ya sabuni yenye magadi kidogo ili kuua ukali wa siki, likaanikwa juani. Nati zihesabiwe zinapoingia na zinapotoka. Mara tu lilipokauka lilizungushiwa petroli yenye oili kidogo, kwa sababu bati tupu hapa kwetu hurudi kuwa jekundu siku hiyohiyo.

Koki ilipata kichujio kipya. Kwenye bomba tukaongeza kichujio cha plastiki kinachoonyesha ndani, kikiwa kimelala kwa mteremko. Mafuta ya pikipiki hii hayana pampu, yanateremka kwa uzito wake tu, kwa hivyo bomba likipanda kidogo kisha kushuka, umejitengenezea kilima kingine.

Kabureta mezani

Kabla ya kutoa chochote tulipiga picha kwa simu, na skrubu ya mchanganyiko wa mafuta na hewa tukaikaza ndani taratibu tukihesabu mizunguko, tukaandika, ndipo tukaitoa. Raba na oringi zote ziliwekwa kando, maana dawa ya kusafishia kabureta huzivimbisha zikawa hazirudi mahali pake. Pini ya boya ilisukumwa kwa msumari butu. Nguzo mbili zinazoishika huvunjika kwa nyundo moja ya hasira, na zikivunjika kabureta imekufa.

Ndani ya bakuli mlikuwa na ganda la kijani kuzunguka jeti na utando wa kahawia mpaka usawa mafuta yalipokuwa yakifika. Jeti ndogo, ile iliyoliwa mfereji, ilinyunyiziwa dawa ikaachwa. Bisibisi bapa moja ilisuguliwa kwa tupa mpaka ikaenea mfereji uliobaki kwa upana wake wote, ikakandamizwa kwa uzito wa mwili, na jeti ikalegea.

Tukaziinua jeti zote mbili kwenye jua. Kubwa ilionyesha duara safi. Ndogo haikuonyesha kitu, si mwanga wala ukungu wa mwanga. Namba iliyochongwa juu yake ilikuwa 38, na kwa kabureta za aina hii hiyo ni sawa na tundu la milimita 0.38 hivi. Katika kitundu cha upana huo ganda jembamba tu linatosha.

Kijana alipendekeza ndimu, na hakuwa mjinga: ndimu hula ganda la kijani kwenye shaba. Lakini mwili wa kabureta hii ni wa madini ya zinki, na asidi hula zinki pia. Jeti zikapewa ndimu kwa muda mfupi kisha maji. Mwili haukupewa. Baada ya kulowekwa kwenye dawa, tundu la jeti ndogo lilipitishwa mshipi wa nailoni wa kuvulia, ule mwembamba wa samaki wadogo. Pemba mshipi huo haukosekani, ni laini kuliko shaba, na hauwezi kulikwangua tundu kama uzi wa breki unavyolikwangua.

Kazi iliyobaki ndiyo inayorukwa na wengi. Jeti ndogo ni mlango tu. Nyuma yake kuna njia ndani ya mwili wa kabureta inayoishia kwenye vitundu viwili au vitatu sakafuni mwa koo, yaani njia ya hewa ya kabureta, upande wa injini. Unaweza kuwa na jeti inayong’aa na njia iliyoziba. Tulivaa miwani, tukaingiza mrija wa dawa pale jeti ndogo inapokaa, tukaziba matundu mengine kwa kidole. Mara ya kwanza dawa ilirudi usoni. Tukaiacha ikae, tukapiga upepo wa kompresa kutoka kwa fundi pancha wa jirani, boya likiwa limetolewa, tukarudia mpaka dawa ikaruka kwa kila kitundu. Hapo ndipo kabureta inaitwa safi. Ncha ya sindano ya boya ilikuwa bado nzima, kiti chake kikafutwa kwa pamba, na boya likatikiswa sikioni kuhakikisha halikunywa mafuta.

Yote haya yalifanyika nje, mbali na jiko la mama muuza chapati. Hilo halikuhitaji kikao.

Barabarani, na aliporudi

Pikipiki iliwaka kwa kiki, choki ikarudishwa, sailensi ikashika. Lakini ilishika pale tu skrubu ya mchanganyiko ilipokuwa imekazwa karibu mwisho. Ukiilegeza kwenye ile hesabu tuliyoandika, moshi mweusi na plagi yenye masizi. Kwenye kabureta hii skrubu hiyo iko upande wa injini na inapitisha mafuta. Ukilazimika kuifunga karibu yote ndipo injini itulie, jeti inaleta mafuta mengi kuliko namba yake inavyosema. Uzi wa breki ulishindwa kuipasua gundi, lakini uliikwangua shaba. Tulipoitazama kwa lenzi, tundu halikuwa tena la duara.

Jeti mpya ya kwanza tuliyoletewa kutoka duka la spea ilikuwa na namba 42. Muuzaji alituambia zote ni sawa. Tukairudisha, tukapata 38. Skrubu ikarudi kwenye mizunguko yake ya zamani na moshi ukakatika.

Maalim alikwenda nayo shamba. Baada ya siku kadhaa akarudi: imemzimia tena mlimani. Safari hii hakuna aliyegusa kabureta. Kile kichujio cha plastiki kilikuwa na matope ya kahawia mpaka nusu, na tone la maji. Tulipomuuliza alikojaza mafuta, alisema ni ya chupa, kwa mtu wa njia panda ya kijijini. Maji yangeweza kutoka huko. Kutu ilikuwa ya tangi: kwenye kona ya mbele, juu ya mgongo wa bati unaokaa juu ya fremu, nati hazikufika. Tangi likasuuzwa kwa petroli, kichujio kikabadilishwa, bakuli likamwagwa kwa skrubu yake. Kazi ya chini ya saa moja.

Matokeo

Pikipiki ilimaliza msimu wa karafuu. Kichujio kilibadilishwa tena mara moja, kikiwa na vumbi jepesi la kutu. Mafuta yalirudi kudumu kama alivyozoea zamani, kwa maneno yake mwenyewe. Gharama kubwa ilikuwa muda wetu na dawa. Spea zote pamoja hazikufika bei ya kabureta mpya ya kopi, ambayo Maalim alishashauriwa kijiweni ainunue. Kabureta hiyo mpya ingekula kutu ya tangi lilelile.

Uchambuzi

Kosa la fundi wa kwanza lililonishughulisha zaidi si uzi wa breki. Ni ile skrubu ya sailensi. Ukiikaza, slaidi inainuka kidogo, na slaidi ikiinuka injini inaanza kunywa kwenye njia ya jeti kubwa. Njia ndogo inaweza kuwa imekufa kabisa na pikipiki ikasimama inanguruma mbele ya mteja. Ndiyo maana tiba hii inapendwa: inampa mteja sauti aliyoitaka. Fundi akiona skrubu imekazwa kupita kawaida kwenye pikipiki iliyowahi kufunguliwa, aisome kama alama ya ugonjwa uliofichwa, airudishe chini, asikie injini inasemaje.

Chupa ya majaribio ndiyo iliyofaa kuliko yote, na haikugharimu kitu. Ilitenga ugonjwa wa mtiririko na ugonjwa wa jeti, ikaonyesha maji, ikaonyesha kutu, ikamridhisha mwenye mali. Kichujio kinachoonekana ndani nacho kilifanya kazi mbili: kuzuia, na kutoa habari. Aliporudi mara ya pili hatukuhitaji kukisia.

Siki ilifaa nusu. Kwa tangi lenye mgongo katikati, nati peke yake hazitoshi. Kipande cha mnyororo mwembamba kinachoburutwa pembeni kingefika mbali zaidi, ingawa nacho hukwama kukitoa. Sidhani kama ipo njia ya kusafisha tangi la namna hii kwa mara moja, na mteja ni vizuri aambiwe mapema kuwa atarudi kwa ajili ya kichujio.

Kuhusu kuiwasha kila wiki: vijana walifanya walichoagizwa, lakini kuiwasha dakika chache bila kuitembeza hakukuleta mafuta mapya tangini, na betri ilikuwa inatoa zaidi ya inachopokea. Petroli iliyokuwa ikishuka kwenye bakuli ilikuwa ileile inayozeeka. Agizo la maana lingekuwa ama kuitembeza mpaka sheli na kurudi, ama kuilaza ipasavyo na kuiacha.

Kulaza ipasavyo ndiko alikofanya Maalim alipovuka tena kumalizia masomo. Alijaza tangi mpaka shingoni ili hewa isipate nafasi, akafunga koki, akaiacha injini iwake mpaka ikazima yenyewe kwa kukosa mafuta, kisha akamalizia matone ya bakuli kwa skrubu ya chini. Betri akaitoa. Wenye pikipiki ambazo koki yake haina sehemu ya kufunga, zile zinazofunguliwa na mvuto wa injini, wasiiamini kwa miezi: raba yake ya ndani ikichoka hupitisha mafuta kidogo kidogo. Kwao, bomba lichomolewe na tundu la koki lizibwe kwa mpira wenye bolti ndani, ndipo bakuli limwagwe.